Hakuna Moshi Chumbani kwa Mama Pasi

Ukitaka kujua Mama Pasi ana ulimi wa namna gani, mwambie tu kwamba shati alilolipiga pasi linanuka moshi. Thubutu! Aliyewahi kujaribu aliondoka na shati lake kwapani na masikio yamemwaka, na mpaka leo akipita mtaa ule huvuka upande wa pili wa barabara. Dobi wa pasi ya mkaa ana maadui wawili, jivu na moshi, na Mama Pasi alikuwa ameapa kwamba hakuna hata mmoja atakayegusa nguo ya mteja wake. Mkaa wake aliuwashia nje ya geti. Aliupepea kwa kipande cha boksi, huku akiusimanga kama mtoto mvivu, mpaka moshi wote uishe na makaa yabaki mekundu, safi. Hapo ndipo alipoyaingiza chumbani, mengine ndani ya pasi, mengine kwenye jiko dogo la akiba pembeni ya meza. Kisha anafunga mlango, anafunga dirisha, na kazi inaanza. Upepo ukipita jivu linaruka, na likitua kwenye shati jeupe, imekula kwako.

Zamani hakuwa akifanya kazi ndani. Alikuwa na meza yake uani, chini ya kipande cha bati, na kila mtu alimzoea. Lakini Mwenye Nyumba alimwaga saruji uani, akanunua gari, akaliegesha pale kati kama bwana harusi. Siku iliyofuata akatoa amri: hataki jiko wala jivu kwenye uwanja wake. Pasi za umeme nazo alikwisha kuzipiga marufuku, kwa sababu mita ni moja na wapangaji wengi. Kwa hiyo mvua zilipoanza, Mama Pasi alibeba meza yake akaingia nayo chumbani, akiapiza njia nzima.

Nyuma ya pazia, katika chumba hichohicho, alikuwa amelala mumewe. Watu walimwita Mzee Breki, kwa kuwa maisha yake yote aliendesha lori na hakuna mlima asioujua. Mwaka uliopita kiharusi kilimwangusha. Kilichukua mkono wa kushoto, kikachukua na mguu wa kushoto, lakini ulimi kiliuogopa, maana yule mzee aliendelea kutania kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wauguzi walicheka. Majirani walikuja kumpa pole, wakaondoka wameshika mbavu.

Sasa utani ulikuwa umekwisha. Tangu mvua zianze mzee alikuwa akizidi kufifia. Kutwa amelala. Akiamshwa analalamika kichwa, akilishwa anatapika, na akiulizwa jambo anatazama tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali. Jumapili, siku ambayo pasi hazishikwi, alichangamka kidogo akaomba chai. Mama Pasi akafurahi. Jumatatu akarudi palepale, na Mama Pasi akajificha nyuma ya rundo la mashuka akalia kwa hasira, maana yeye hata kulia hulia kwa hasira.

Mdogo wake mzee, yaani shemeji yake Mama Pasi, alikuja kumtazama. Huyu ni mtu mmoja mwenye sauti ya pole pole, ile sauti ya watu wanaopenda kuongoza mazishi.

"Shemeji," akasema, "tukubali tu. Kaka anaondoka. Jumamosi nitakuja na gari nimchukue nyumbani, akapumzike kwa watu wake."

"Watu wake?" Mama Pasi akaweka pasi kwenye kitako chake, taratibu, na waliomfahamu wangekimbia hapo. "Mimi miaka yote hii nilikuwa nani, mpita njia?"

"Usinielewe vibaya, shemeji."

"Nimekuelewa vizuri kabisa. Unataka kumchukua mume wangu ukamlaze akisubiri kufa, ili watu waseme umefanya wema. Hafi mtu hapa! Umesikia? Chumba hiki ni cha kupigia pasi, si cha kufia."

Shemeji akainuka, akarekebisha kola. "Jumamosi," akasema. "Na tafadhali usimfungulie dirisha, baridi itammaliza."

Akatoka. Mama Pasi akasimama akimtazama mumewe, kinywa wazi, usingizi mzito kama wa mlevi. Aliogopa. Aliogopa kwa sababu alijua kwamba Jumamosi mzee akiwa katika hali ile, hata yeye hatakuwa na la kusema. Wangempakia, wangemwondoa, na yeye angebaki na meza.

Jumatano asubuhi binti yao alifika, kabla hajaenda kazini. Alikuwa akisafisha vyumba hotelini, mtoto mpole wa kumwangalia lakini akishaamua jambo humtoi. Kwa nani alirithi, usiniulize. Alitoa mkobani kitu cheupe, cha duara, mfano wa sahani ya chai iliyofunikwa.

"Hii ni kengele ya moshi, mama. Kazini kila chumba kinayo. Nimewanunulia."

"Ya moshi?" Mama Pasi akacheka kicheko kikavu. "Chumba hiki kina moshi? Nusa! Nusa mwenyewe! Mama yako afundishwe moshi leo?"

"Si moshi peke yake, mama. Ikilia mara tatu tatu ni moshi. Ikilia mara nne nne ni ile gesi ya mkaa, ambayo haionekani wala hainuki. Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ikilia hivyo, mnatoka nje wote. Na ikitoa mlio mmoja mfupi, kila baada ya muda, hapo ni betri tu inakwisha. Usiifunike na nguo, usiipake rangi, na kila wiki ubonyeze hapa katikati kuijaribu. Mama, unanisikiliza?"

Mama Pasi hakuwa akisikiliza. Alikuwa bado kwenye neno moshi, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye, aliyekuwa akipepea mkaa mpaka mkono ukafa ganzi, aletewe mlinzi wa moshi na mtoto wake wa kumzaa!

Binti akapanda juu ya kigoda. Akapima ukutani, juu kabisa, karibu na pazia, akisema isikae kwenye pembe ya ukuta ambako hewa haifiki, wala juu ya meza ya pasi penye mvuke. Akatoboa, akaingiza skrubu mbili, akabana kitako, kisha akaizungusha kengele mpaka ikasema ka! Akabonyeza katikati. Ilipiga ukelele ambao hata kuku wa jirani walikimbia.

Nyuma ya pazia Mzee Breki akafumbua jicho moja. "Nani anarudisha lori nyuma?" akauliza.

Binti akacheka huku machozi yakimlenga. Yalikuwa maneno ya kwanza ya maana kutoka kwa baba yake tangu Jumapili. Akambusu kwenye paji la uso, akakimbilia kazini.

Mama Pasi naye akawasha mkaa wake, akaupepea ukakolea, akauingiza ndani, akafunga kila kitu. Siku hiyo kulikuwa na mashati ya harusi, meupe yote, kwa hiyo hata kitambaa alikisukumia chini ya mlango. Alikuwa kwenye shati la tatu au la nne hivi kengele ilipoanza.

"Ala!"

Akatazama juu, akatazama chini. Moshi hakuna. Akanusa meza, akanusa pasi, akaenda kunusa mpaka viatu. Hakuna. Akaipungia taulo ile kengele, ikazidi kupiga kelele. Akaibonyeza, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza upya, bila haya.

"Mwongo wee! Moshi uko wapi? Nionyeshe!" Akapanda kigoda, akaizungusha, ikatoka kwenye kitako chake, akaitoa betri. Kimya. Akairusha juu ya rundo la nguo chafu, na ndiyo heshima aliyoona inaistahili.

Simu ikalia. Binti.

"Mama, nimekumbuka kuuliza, imelia tangu niondoke?"

"Imelia uongo. Nimeing'oa."

"Imelia vipi? Tatu tatu au nne nne?"

"Kwani mimi nilisomea kuhesabu vilio? Hakuna moshi humu ndani, mtoto wewe! Penye moshi ndipo pana moto, na pasipo na moshi hapana neno. Hata wahenga walijua hilo."

"Mama, nakuomba. Mtoe baba nje sasa hivi."

"Kwenye upepo? Ili baba yako mdogo apate la kusema? Thubutu!" Akakata simu.

Lakini hasira haikutulia. Kuitwa mwenye moshi ni tusi, na tusi halilaliwi. Akaamua kulimaliza jambo lile mbele ya mashahidi. Akairudisha betri, akaikamata kengele kama mwizi aliyekamatwa, akafunga mlango nyuma yake, akatoka mpaka nje ya geti alipokaa mchoma mahindi, mtu wa maneno mengi na wateja wachache.

"Weka maganda mabichi juu ya huo moto," akamwamuru.

"Mama Pasi, leo tunatambika?"

"Weka!"

Mchoma mahindi akaweka. Moshi mzito ukapanda, Mama Pasi akanyoosha mkono na kengele yake katikati. Haikupita hata punje ya muda, ikalia. Pi, pi, pi. Ikanyamaza. Pi, pi, pi.

"Sawa," mchoma mahindi akasema huku akikohoa, "inajua kazi yake. Kosa lake nini?"

Mama Pasi akaivuta kengele kutoka kwenye moshi. Alitaka kusema kwamba kosa lake ni kulia pasipo na moshi, lakini kuna kitu kilimkwama. Mlio huu haukuwa ule wa chumbani. Mtu aliyesukuma pasi ujana wake wote ana mapigo mkononi, enda, rudi, enda, rudi, na kule chumbani kengele ilikuwa imemvuruga mapigo yake kwa namna nyingine kabisa.

Akairudisha ndani mbio. Akasimama katikati ya chumba, mlango ameufunga nyuma yake, makaa yanang'aa, hewa safi machoni na safi puani. Akasubiri. Ikaanza. Pi, pi, pi, pi. Ikapumua. Pi, pi, pi, pi.

Nne.

Jamani, kuna kujua kunakokuja kama mvua, tone kwa tone, na kuna kunakomwagika kama ndoo. Mama Pasi alimwagikiwa. Mvua zilipoanza ndipo meza ilipoingia ndani. Meza ilipoingia ndani ndipo mzee alipoanza kufifia. Jumapili makaa hayawashwi, na Jumapili mzee anaomba chai. Na kichwa chake yeye mwenyewe, kinachomgonga kila jioni akasema ni kuinama! Kikulacho ki nguoni mwako. Kila siku alikuwa akimtetea mume wake kwa mdomo, na kila siku alikuwa akimfungia dirisha na kumwekea sumu, tena sumu aliyoipepea kwa mkono wake mpaka ikawa safi.

Hakulia. Alipiga mlango teke ukafunguka. Dirisha lilikuwa limevimba kwa mvua, akalipiga kwa kitako cha pasi mpaka kioo kikadondoka nje. Akabeba jiko la makaa mikono mitupu, akaunguza vidole, akalitupa uani kwenye saruji ya Mwenye Nyumba. Kisha akapiga ukelele ambao ile kengele ingeuonea wivu, na mchoma mahindi akaja mbio, wakambeba mzee na godoro lake mpaka nje ya geti, penye upepo.

"Breki!" akamwita akimpiga makofi mashavuni. "Breki! Usinifanyie hivyo! Leo ni Jumatano, hakuna aliyekuruhusu kuondoka!"

Binti, aliyekuwa ametoka kazini mbio mara simu ilipokatwa, alikuja na gari la kukodi, wakampeleka hospitali. Daktari aliposikia habari ya mkaa na ya kengele hakuuliza mengi. Walimwekea mzee hewa ya mtungi usoni, na Mama Pasi naye wakamkalisha na mtungi wake, ingawa alibishana nao mpaka wakamwambia kwa upole kwamba mwenye sumu kichwani hubishana sana. Mzee alilala huko siku hiyo. Kesho yake mchana akafumbua macho yote mawili na kulalamikia chakula. Lilikuwa lalamiko tamu kuliko wimbo wowote aliowahi kusikia mkewe.

Waliporudi, Mama Pasi hakumwomba mtu ruhusa. Alitoa meza akaiweka uani, palepale pa zamani. Akamweka mzee kwenye kiti chenye mito, upande upepo unakotokea, na yeye na mkaa wake wakakaa upande unakoelekea. Kengele aliirudisha ukutani kwa mkono wake, akaibonyeza, akaisikiliza ikipiga kelele mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Mashati yakaanza kupata vidoa. Ijumaa mteja mmoja, bwana harusi mwenyewe, akanyanyua shati lake juani akasema lina jivu.

"Lina jivu, ndiyo," Mama Pasi akamjibu. "Na mume wangu anapumua. Nalifuta jivu, au unakwenda kwa mwingine?"

Bwana harusi akamtazama mzee, akaona aibu, akasema afute tu.

Jumamosi ikafika. Mwenye Nyumba ndiye aliyetangulia, na funguo za gari mkononi, uso umevimba.

"Mama Pasi! Nilisema nini kuhusu majiko kwenye uwanja huu? Na dirisha langu nani kalivunja? Toa meza hii sasa hivi."

"Sitoi ng'o."

"Basi utahama!"

"Nitahama," Mama Pasi akasema, na majirani waliokuwa wakichungulia milangoni wakatoka nje. "Ila kwanza ingia mle chumbani. Nizibe dirisha kwa ubao, nikuwekee jiko langu lenye makaa safi yasiyo na moshi, nikufungie mlango kama nilivyokuwa nikifunga kwa amri yako. Kaa humo mpaka niyamalize mashati haya. Kengele ikinyamaza, nafunga mizigo leo leo, wala sitakudai neno. Haya, ingia. Mbona huingii? Makaa yapo, mlango huu hapa!"

Mwenye Nyumba akatazama mlango. Akatazama jiko. Mguu wake ulisogea, lakini ulisogea nyuma.

Ni hapo lilipoingia gari la Shemeji, limepakiwa godoro, na ndani yake wazee wawili wa ukoo wenye nyuso zilizokwisha kujiandaa. Likaegeshwa mbele kabisa ya kiti cha mgonjwa. Shemeji akashuka na sauti yake ya pole pole.

"Shemeji, tumekuja. Kaka yuko ndani?"

"Kaka yako huyo hapo mbele yako," Mama Pasi akasema. "Na kabla hujafungua mdomo, nisikilize, na nyinyi nyote sikilizeni, mwenye nyumba na majirani. Aliyekuwa akimuua mtu huyu si uzee, wala kiharusi, wala si baridi ya dirisha. Ni mimi. Ni mkaa wangu. Mume wangu anakufa mikononi mwangu na mimi nasema chumba changu hakina moshi! Sikujua. Sasa najua, na nimesema mbele ya watu. Mwenye kutaka kunitukana, anitukane sasa hivi, kwa sauti, nikimtazama."

Hakuna aliyemtukana. Mama Pasi alisimama pasi ingali mkononi, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya kila mtu, bila kujificha nyuma ya shuka.

"Mimi ninalo la kusema," Mzee Breki akasema kutoka kitini. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Mke wangu, kama ulikuwa unaniua, basi hiyo ndiyo kazi pekee uliyowahi kuishindwa. Usirudie kuijaribu." Akageuza kichwa pole pole mpaka akamwona mdogo wake. "Na wewe, asante kwa godoro. Lishushe, hili langu linaniumiza mgongo. Halafu sogeza gari."

"Nilisogeze, kaka? Kwani tunaondoka?"

"Nani aondoke?" mzee akasema. "Linanizibia upepo."